Kusoma Mita

Kioo kilishuka gatini asubuhi,
futi sita kwa mbili, kimevikwa magodoro mawili,
na mpaka Langoni punda walipishwa ukutani.
Vichochoro vyetu havikupimwa kwa ajili ya kioo.
Kwenye kona ya duka la Famau tulikisimamisha wima
kama mgonjwa anayefundishwa kutembea,
shemeji Bwanaheri akihesabu: shibiri moja. Nusu shibiri.
Ukucha.
Kikapita.

Mwanaesha alikuwa mlangoni, mikono kiunoni:
"Mai yamekizunguka kisiwa pande zote,
nawe wataka kuyatia na chumbani?"

Sikuwa na jibu la kumpa.
Miaka ishirini na sita nilisoma mita za stima
kwenye nyumba za watu.
Nilitaka sasa kusoma kitu kisichodaiwa.

Nikaosha mchanga mara tisa.
Nikapanga mawe, nikayapangua, nikayapanga.
Mimea ilitoka ziwani Mpeketoni ndani ya gunia bichi:
manyasi membamba, majani ya mkia wa paka,
na tunguu moja la yungiyungi, jeusi, limekunjamana,
ambalo hata mbuzi wa jirani alilinusa akaliacha.

Usiku ule ule gundi ikaachia.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi niliyazoa.
Kwa dekio, kwa sufuria ya pilau,
kwa kanga mbili ambazo sikuziombea ruhusa,
hadi alfajiri, magoti yamevimba,
na mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti
kana kwamba ananicheka.

Nikagundisha upya. Nikangoja siku saba.
Nikajaza kwa maji ya kisima, na kwa haraka yangu
nikasahau kuyaonja.
Kisima chetu mwezi wa Machi kina chumvi ya kutosha mchuzi.
Kufikia Ijumaa majani yalikuwa mchicha wa juzi,
yanateleza vidoleni, yananuka.

Basi nikaisubiri masika kwa mapipa manne chini ya paa.
Mvua ikaja, maji yakawa matamu, yakawa meupe,
kisha yakawa kijani kama juisi ya harusi.
Ukoga kwenye kioo, ukoga kwenye mawe.
Nilikwangua kwa kadi yangu ya kazi ya zamani.
Picha yangu ilitoka kabla ya ukoga.

Mwezi wa sita niliagiza samaki ishirini kutoka Mombasa,
na siku ya tatu stima ikapotea.
Mimi, niliyeandika majina ya watu wakatiwe
kwa deni la shilingi mia tatu,
nilikaa gizani na upawa mkononi,
nateka maji, nayamwaga kutoka juu, nateka, namwaga,
ili wapate pumzi.
Saa tisa usiku walikuwa wameelea kumi na wanne.

Mwanaesha akaja na kibatari. Hakusema nilivyotarajia.
"Bibi yangu alifuga samaki birikani miaka arubaini," alisema,
"wakila viluwiluwi vya mbu, wakinenepa.
Hakuna aliyemletea bili."
Akawachota sita waliobaki kwa kawa,
akawapeleka msalani, mmoja mmoja,
kwenye birika la mawe, chini ya bakuli la kauri
lililopakwa chokaa humo tangu hatujazaliwa.
Nikasikia tumbwi. Tumbwi.
Kisha akarudi kulala.

Stima ilirudi Jumatano. Samaki sikuwarudisha.
Nilikiacha kioo na maji yake machafu,
nikapita mbele yake wiki tano nikiangalia ukuta.

Ni yeye aliyeniita.
Katikati ya uchafu ule, kutoka kwenye tunguu la mbuzi,
kulikuwa na kikonyo chekundu, na juu yake
kijani kilichokunjwa mara mbili, kama barua.

Kona ya kaskazini bado inavuja.
Nimeweka kikombe chini yake, na kila asubuhi
naandika kwenye daftari langu la mita, safu ile ile,
kalamu imefungwa kwa uzi ule ule:

Jumapili. Kikombe: vijiko vitatu.
Jani: vidole vinne.